Namna ya kuandika kazi ya mkuu wa kitivo isigeuke risala ya sifa

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi. Mjomba wangu alifundisha chuo kikuu cha serikali tangu miaka ya 1980, akawa mkuu wa kitivo cha elimu kwa vipindi viwili katika miaka ya 2000, kisha akastaafu na kurudi nyumbani. Yu hai na kumbukumbu zake ziko sawa. Ukoo, pamoja na wanafunzi wake wa zamani walioko Mtwara na Lindi, wameniomba niandike kijitabu kuhusu kazi yake na alichoacha. Nina maboksi mawili ya makaratasi na picha. Kila ninayemuuliza ananiambia "alikuwa mtu wa watu" na "alianzisha mambo mengi". Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, maneno hayo mawili unayoambiwa yaweke kando kwanza. Huenda ni ya kweli, lakini hayana tarehe wala mahali, na yanaweza kusemwa juu ya mstaafu yeyote kutoka Newala hadi Kilwa. Mkuu wa kitivo anakaa ofisini kwa kipindi, mara nyingi miaka 3, akiongezewa kingine inakuwa 6, halafu anarudi darasani kufundisha kama wenzake. Kwa hiyo alichoacha kitafute katika mambo yaliyoendelea kufanya kazi baada ya yeye kukabidhi ofisi: mitaala, watu walioajiriwa na kusomeshwa, utaratibu wa mitihani, utaratibu wa mazoezi ya ufundishaji. Yote hayo yana karatasi, na karatasi zenyewe nyingi bado zipo.

Ni lazima kwanza ujue ofisi ile ilikuwa na uwezo gani, maana makosa makubwa ya vijitabu vya namna hii huanzia hapo. Mkuu wa kitivo huongoza vikao vya Bodi ya Kitivo, hukiwakilisha kitivo kwenye Seneti (kikao cha juu cha taaluma chuoni), hugawa mzigo wa ufundishaji kupitia wakuu wa idara, hupendekeza majina ya kupandishwa vyeo na ya watahini wa nje, na huhakikisha matokeo ya mitihani yanajadiliwa kitivoni kabla ya kupelekwa juu. Hana mamlaka ya kuanzisha shahada peke yake. Mtaala huandikwa na idara, hupita Bodi ya Kitivo, hupelekwa Seneti, kisha huombewa kibali kwa mamlaka ya nchi, ambayo tangu 2005 ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Ukiandika "alianzisha shahada ya elimu maalumu", wale waliokesha wakiandika mtaala ule watakifunga kijitabu chako ukurasa huohuo. Andika hivi: "Akiwa mkuu wa kitivo, Bodi ilipitisha mtaala ulioandaliwa na idara, na Seneti ikauidhinisha," kisha weka mwezi na mwaka. Sentensi hiyo inampa heshima yake kamili na haimnyang'anyi mtu.

Hakikisha pia cheo chenyewe. Kuna mkuu wa kitivo na kuna mlezi wa wanafunzi, yule anayeshughulika na mabweni, nidhamu na ustawi wao. Kwa Kiingereza vyeo hivyo karibu vinafanana, na ndugu wengi huvichanganya. Kuna kushika ofisi kwa kuteuliwa na kuna kukaimu. Miezi minane ya kukaimu ni kazi halali na iandikwe, ila iitwe kukaimu. Hali kadhalika daraja la kitaaluma: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila hatua ina barua yake yenye tarehe ya kuanza kutumika, ambayo mara nyingi hutangulia tarehe ya barua kwa miezi kadhaa. Chagua moja, tarehe ya kuanza kutumika ndiyo bora, uifuate kijitabu kizima.

Sasa maboksi. Usianze kusoma, anza kupanga. Kwa Masasi adui wa kwanza ni mchwa, na kwa wenzenu wa Mtwara mjini na Lindi ni unyevu wa pwani, kwa hiyo yainue kutoka sakafuni leo hii, yakae mezani mbali na ukuta. Ondoa pini zenye kutu, klipu na raba. Usitie karatasi kwenye laminesheni: joto na gundi huziharibu moja kwa moja na hakuna kurudi nyuma. Bahasha za karatasi zinafaa kuliko mifuko ya nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino: nani, wapi, mwaka gani, na nani amekuambia hivyo. Piga skani barua kwa nukta 300 kwa inchi na picha kwa nukta 600. Kama una simu tu, piga mchana karibu na dirisha, karatasi ikiwa imelala, bila flashi. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2003-07-14_barua_uteuzi, ndipo zitajipanga zenyewe. Weka nakala tatu, na moja ikae nyumba nyingine.

Baada ya hapo tengeneza jedwali la safu nne: tarehe, tukio, ushahidi, na kama limethibitishwa. Daftari la kaunta linatosha. Jaza kwanza yale yenye karatasi. Yale yanayotokana na simulizi yaingie pia, ila safu ya ushahidi iandikwe "simulizi" na jina la msimulizi. Kanuni ninayoipendekeza kwa nguvu zote ni hii: hakuna mwaka unaoingia kitabuni bila karatasi moja au wasimulizi wawili waliosimulia kila mmoja peke yake, bila kumsikia mwenzake.

Utakutana na mapengo. Usiyazibe kwa kubahatisha, kwa sababu mengine yana maelezo katika historia ya nchi. Mtu wa umri wa mjomba wako huenda alimaliza kidato cha sita katikati ya miaka ya 1970 na asionekane chuoni kwa miaka mitatu. Si kwamba alifeli. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita waende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha wafanye kazi na kupendekezwa na mahali pao pa kazi, ndipo waingie chuo kikuu. Miaka ile ya kazi tafuta aliitumia wapi. Kama alifundisha shule ya huku kusini, hapo pana sura nzima ya kijitabu. Ukiona pia mwaka wa masomo umekatika 1990, kumbuka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa na serikali Mei mwaka huo na wanafunzi hawakurudi hadi mwanzoni mwa 1991. Na mwisho wa kazi una utata wake. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60, lakini mabadiliko ya sheria ya 2018 yaliwapa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma hadi 65. Tena wapo waliostaafu wakaendelea kufundisha kwa mkataba. Mwaka wa kustaafu na mwaka wa kipindi cha mwisho darasani viandike mbalimbali.

Majina ya vyuo nayo hubadilika, na kila taasisi iitwe kwa jina lake la wakati ule. Aliyekuwa mkuu wa kitivo pale Muhimbili mwaka 1985 alikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa Muhimbili ilikuja kuwa chuo kishiriki 1991 na chuo kikuu kamili 2007. Kilimo cha Morogoro kilikuwa kitivo cha Dar es Salaam hadi Julai 1984, kilipozaliwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Chang'ombe ilikuwa chuo cha ualimu kabla ya kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE) mwaka 2005. Msomaji kijana anayejua Stella Maris ya hapa Mtwara kama chuo kikuu kishiriki anaweza kudhani kilikuwepo enzi zote, kumbe kilianza 2009. Mwanafunzi wa kusini wa miaka ya 1980 aliyetaka kukaa darasani kwa shahada hakuwa na njia ila kuvuka Rufiji, na daraja lenyewe lilifunguliwa 2003. Sentensi moja ya namna hiyo humweka msomaji mahali pake kuliko kurasa tatu za utangulizi.

Tuje kwenye moyo wa kazi, miaka yake ya uongozi. Kitivo cha elimu katika miaka ya 2000 hakikuwa ofisi ya kawaida. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulianza 2004, shule za kata zikamea kila tarafa, walimu wakahitajika kwa maelfu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi 2005 na watoto wa wakulima wa korosho na ufuta wakapata njia ya kulipia chuo. Idadi ya wanafunzi wa ualimu ikapanda katika vyuo vyote. Kwa hiyo usiandike kwamba mjomba "aliongeza wanafunzi mara nne". Aliyewaongeza ni sera. Kinachomhusu yeye ni jinsi kitivo kilivyobeba mzigo huo: ukumbi wa watu 300 ulipopewa watu 900, semina ziligawanywaje? Nani alisahihisha, kwa siku ngapi? Matokeo yalitoka kabla au baada ya muhula mpya kuanza? Hapo ndipo uongozi unapoonekana, na majibu yamo ndani ya ratiba, mihtasari ya vikao na malalamiko ya wanafunzi.

Hati moja ambayo watu huisahau ni ripoti ya mtahini wa nje. Kila mwaka mtaalamu wa chuo kingine husoma mitihani na sampuli za majibu, kisha huandika kasoro bila kumwonea mtu haya: maswali yanajirudia, alama za mhadhiri huyu ziko juu mno, mwongozo wa kusahihishia haupo. Chukua ripoti mbili za miaka inayofuatana. Kasoro ya mwaka wa kwanza ikiwa haimo katika ya pili, tafuta kikao kilichofanyika katikati. Umepata kitendo cha uongozi chenye tatizo, hatua na matokeo. Vitendo vitatu vya aina hiyo vinatosha kubeba sura nzima.

Mazoezi ya ufundishaji yachimbe kuliko yote, hasa kwa kuwa wasomaji wako ni walimu wa Mtwara na Lindi. Kila mwaka kitivo hupeleka wanafunzi mashuleni kwa wiki kadhaa, nao wakaguzi wa chuo huwafuata darasani. Kwenye karatasi mikoa yote hupangiwa. Katika hali halisi wanafunzi hulundikana karibu na miji, kwa sababu nauli ni ndogo na wakaguzi hufika kwa gari siku moja. Tafuta orodha za upangaji za miaka yake sita. Wanafunzi wangapi walifika Liwale? Nanyumbu je, na Tandahimba? Walikaguliwa mara moja, mara mbili, au walipewa alama bila kuonwa? Shule zina kitabu cha wageni, na mkaguzi akipita husaini. Nenda shule tatu au nne za zamani, omba vitabu vya wageni vya miaka hiyo, linganisha na orodha ya chuo. Kazi hii itakuchukua siku nyingi na nauli ya bodaboda, lakini hakuna mtu chuoni atakayekufanyia, na wewe uko palepale. Kama utagundua kwamba katika uongozi wake wilaya za pembezoni zilianza kupata wanafunzi na zinaendelea kuwapata hadi leo, hicho ndicho kitu cha kuweka ukurasa wa mbele. Kama utagundua kinyume chake, kiandike pia, kwa utulivu, pamoja na sababu: bajeti, magari, barabara za masika.

Jambo la pili kwa uzito ni watu. Katika miaka ya 1990 serikali ilibana sana ajira mpya, na vyuo vilijikuta na wahadhiri wenye umri mkubwa wanaokaribia kustaafu kwa mkupuo, bila vijana nyuma yao. Mkuu wa kitivo wa miaka ya 2000 alipaswa kuajiri wahitimu wenye shahada ya kwanza na kuwasomesha uzamili na uzamivu, huku akikubali kupungukiwa na walimu wakiwa masomoni. Ni uamuzi mgumu, maana faida yake huivuna anayefuata. Upime hivi: pata orodha ya wafanyakazi wa kila idara kwa mwaka alioanza na kwa mwaka alioondoka, uhesabu wenye uzamivu, walioko masomoni na waliobakiza chini ya miaka mitano kustaafu. Kisha tazama hao vijana wako wapi leo. Orodha hizo huwemo katika kitabu cha mwongozo wa chuo cha kila mwaka, na ripoti ya makabidhiano ya ofisi, kama ipo bokisini, ina zaidi.

Wanafunzi aliowasimamia kwa uzamili na uzamivu wahesabu kutoka kwenye tasnifu zenyewe. Kurasa za mwanzo huwa na uthibitisho wa msimamizi, na ndiko utakakoona kama alikuwa peke yake au walikuwa wawili. "Alisimamia watu zaidi ya mia" ni kauli ya kawaida kwenye sherehe. Ukihesabu unaweza kupata 38, na 38 walioorodheshwa kwa majina ya tasnifu zao wana uzito kuliko mia wa hewani.

Maandishi yake usitumie muda mrefu mno. Tenganisha makala za majarida yanayopitiwa na wataalamu, sura za vitabu, ripoti za miradi na vitabu vya kiada. Utaona kwamba katika miaka ya uongozi makala zilipungua. Ni kawaida kwa karibu kila mkuu wa kitivo; liseme waziwazi, halimvunjii heshima.

Kuhusu mahojiano: wasimulizi bora mara nyingi si maprofesa. Katibu muhtasi wa kitivo, ofisa wa mitihani, dereva aliyewapeleka wakaguzi mashuleni, hawa wanakumbuka kilichofanyika. Nenda na picha au barua mkononi, uliza juu ya kitu hicho, usiulize "unamkumbukaje". Saa moja inatosha kwa kikao. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Mtafute angalau mmoja aliyepingana naye kikaoni.

Na mjomba mwenyewe? Hapa una ugumu ambao mwandishi wa nje hana. Kwa Wamakua, Wamakonde na Wayao mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, na mpwa hamketishi mjomba kumuuliza alishindwa wapi. Usijilazimishe. Wewe muulize utoto, shule, safari na masomo. Maswali ya ofisini, kama vile mtaala uliokataliwa, mgomo au mtu aliyenyimwa cheo, mwachie mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa naye ni mhadhiri. Yeye anaweza kuyauliza kama mambo ya kazi. Mkubaliane mapema kwamba mjomba atasoma rasimu na kusahihisha tarehe na majina, na kwamba uamuzi wa nini kibaki ni wa kamati yenu ya ukoo na wanafunzi wake.

Chuoni andika barua moja fupi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, ukiambatisha idhini ya mjomba yenye saini. Omba vitu mahususi: tarehe za uteuzi, orodha ya tasnifu alizosimamia, mwongozo wa chuo wa miaka fulani, tarehe za Seneti kuidhinisha mitaala uliyoitaja kwa majina. Ukiomba "faili lake lote" utasubiri bila jibu, kwa kuwa faili la mtumishi ni siri na halitolewi. Vilevile usichapishe alama za wanafunzi, kesi za nidhamu za wafanyakazi wala taarifa za afya, hata kama zimo bokisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu watu hao. Hati za namna hiyo zirudisheni chuoni kwa mkono na mpate hati ya mapokezi.

Kwa ukubwa, kurasa 32 za A5 zinatosha. Idadi iwe inagawanyika kwa 4, kwa sababu kijitabu cha kukunjwa na kupigwa pini katikati hakikubali 30 wala 34. Ukurasa wa A5 hubeba maneno kama 250, kwa hiyo ukitoa picha 8 na jalada unaandika maneno 6,000 hivi. Nusu nzima iwe miaka sita ya uongozi. Utoto na shule visizidi kurasa 4, hata shangazi wakilalamika. Mwisho weka jedwali lako la tarehe kama kiambatisho, pamoja na orodha ya tasnifu.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji omba ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kisha wawasilishieni nakala wanazostahili kisheria. Nakala nyingine ziende maktaba ya mkoa Mtwara, ya Lindi, maktaba ya chuo alichofundisha na Stella Maris. Kila shule mliyoifungua kitabu cha wageni ipate yake, na skani za maboksi yale mawili mkabidhini mtu wa maktaba ya chuo akiwa na orodha ya mafaili mkononi, asije akapokea diski asiyojua ina nini.